Maswali ya Wasomaji: Ziara za Shule kwa Wanyama

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni masomo yanayotolewa kwa wanafunzi katika bustani za wanyama.

SWALI: Mwaka jana tuliwapeleka wanafunzi 62 wa Gredi ya 5 katika bustani moja ya wanyama hapa Pwani. Tuliporudi niliwaandikisha insha, na karibu wote waliandika juu ya basi, chipsi, na tumbili aliyemnyang'anya mwenzao mkate. Kiboko alitajwa na watatu tu. Mwalimu mkuu anauliza iwapo fedha za wazazi hazikupotea bure, nami sina la kumjibu. Tulikosea wapi?
*Mwalimu wa Sayansi, Kaloleni*

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako waliandika kile walichokaa nacho. Ndani ya basi walikaa saa nyingi, tumbili aliwafikia mkononi, lakini kiboko walimpita tu. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa katika ratiba. Shule nyingi huingia langoni zikiwa na azma ya kuwamaliza wanyama wote kabla ya chakula cha mchana, na mwalimu aliye mbele huwa na kazi moja tu ya kusema "twendeni, twendeni." Ningekushauri uchague wanyama wawili, wasizidi watatu, na kila mmoja umpe dakika 20 kamili, hata kama simba atabaki bila kutembelewa.

Chukua mfano wa kobe. Katika bustani ya wanyama ya Haller Park, pale Bamburi, kuna kobe wakubwa wa aina ya Aldabra, na niliwahi kusimama kando ya kundi la watoto waliopewa kazi moja tu ya kuhesabu vigae vikubwa vya gamba la kobe pasipo kumgusa. Mwanzoni palikuwa na kelele. Mmoja alipata 12, mwingine 14, wakabishana, ikabidi wachuchumae na kuhesabu upya huku kila mmoja akielekeza kidole, hadi msichana mmoja alipogundua kwamba vya katikati ni 5 na kila ubavu una 4, kwa hiyo jumla yake ni 13. Wakati huo kobe alikuwa akinyoosha shingo kulifuata jani, na mvulana mmoja akauliza: "Akilivua gamba anabaki vipi?" Mtunza wanyama akawaeleza kwamba kobe halivui, kwa kuwa mbavu na uti wake wa mgongo zimeungana na gamba lenyewe, na kwamba kulitoa gamba ni sawa na kumtoa mtu kifua. Swali lile lisingeulizwa na mtoto anayepita mbio.

Kabla ya kuondoka shuleni wasimulie habari za Owen na Mzee, lakini kwa uangalifu. Owen alikuwa mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi mwezi Desemba mwaka 2004, wakati wa tsunami, akaletwa Haller Park na kuanza kuandamana na kobe mkubwa aitwaye Mzee. Watu wengi husimulia kwamba kiboko alimdhania kobe kuwa mama yake. Ni kisa kitamu, ila Mzee ni dume, wala Owen hakuhojiwa na mtu yeyote. Ligawe ubao mara mbili: upande mmoja yaandikwe yaliyoonekana, yaani kwamba alimfuata, alilala ubavuni mwake na alikula pamoja naye, upande wa pili yaandikwe yanayokisiwa. Mtoto anayeweza kuzitenganisha safu hizo mbili ameanza kuwa mwanasayansi, hata kabla hajapanda basi.

Mnyama wa pili ningependekeza awe jongoo. Najua utacheka. Mahali ilipo Haller Park palikuwa machimbo ya mawe ya matumbawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, na mwaka 1971 René Haller alipoanza kupanda miti alikuta ardhi tupu yenye chumvi, isiyo na udongo. Kati ya aina 26 za miti alizojaribu, 3 tu ndizo zilizoshika, mvinje ukiwa mmojawapo. Hata hivyo, majani ya mvinje, membamba kama sindano, yalirundikana chini bila kuoza kwa sababu yana tanini nyingi, ile ile inayokausha ulimi katika chai iliyokolea. Ndipo wakaletwa majongoo wenye miguu myekundu, ambao huyala majani hayo, na kinyesi chao kikaanza kuwa udongo. Mwanafunzi akichutama chini ya mvinje na kumtazama jongoo akitafuna, atakuwa anaiona kazi iliyouwezesha msitu wote unaomfunika kusimama, na hatalazimika kukariri maana ya "mnyororo wa chakula".

Yaliyobaki ni madogo. Piga simu wiki mbili mapema uulize saa za kulisha wanyama, na uombe mtu wa elimu au mtunza wanyama awepo; wagawe wanafunzi katika makundi ya 10, kila kundi na mtu mzima wake. Mikate ibaki ndani ya basi, milango ikiwa imefungwa.

SWALI: Tunataka kuwapeleka watoto wakajifunze habari za nyoka, lakini baadhi ya wazazi wamekataa kutia saini kibali. Wengine wanasema nyoka ni mkosi, wengine wanahofia watoto watarudi na ujasiri wa kijinga wa kuwashika porini. Je, tuachane na jambo hili?
*Naibu Mwalimu Mkuu, Malindi*

JIBU: Msiachane nalo, hasa ninyi mlio huko. Jirani yenu Watamu kuna Bio-Ken, kituo cha nyoka kilichoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, ambacho pamoja na kuonyesha nyoka hufundisha namna ya kuepuka kuumwa na jinsi ya kumhudumia aliyeumwa. Waalikeni wazazi wenye shaka waandamane nanyi, kwa maana mzazi aliyesikia kwa masikio yake huwa mtetezi mzuri kuliko barua yoyote ya shule.

Hofu ya wale wa pili ni ya haki, na ndiyo inayonifanya nisipende sana vipindi ambavyo nyoka huzungushwa mabegani mwa watoto ili wapigwe picha. Kumgusa chatu mgongoni kwa vidole viwili, akiwa mikononi mwa mtaalamu, kunatosha. Mtoto aliyetarajia ute atashangaa kukuta ngozi kavu na laini, kisha ataonyeshwa kwamba nyoka hana kope, na kwamba ulimi unaochezacheza nje unanusa hewa wala hauumi. Baada ya hapo mikono ioshwe kwa maji na sabuni, kwa kuwa watambaao hubeba vijidudu vinavyoharisha hata wakiwa wazima kabisa.

Kisha mwalimu asimame kwa muda mrefu zaidi mbele ya kifutu. Watoto waulizwe: yuko wapi? Wengi hawatamwona kwa dakika nzima, ingawa amelala mbele ya macho yao, kwani rangi yake ni ya majani makavu na, tofauti na nyoka wengi, yeye hakimbii anaposikia vishindo vya miguu. Hapo wataelewa, bila kutishwa, kwa nini usiku mtu hutembea na tochi na kwa nini mkono hautiwi kwenye rundo la kuni pasipo kutazama. Wafundishwe pia kwamba jeraha la aliyeumwa halichanjwi, halinyonywi wala halifungwi kamba ya kukaza. Aliyeumwa hutulizwa, kiungo kilichoumwa hakitikiswi, na hupelekwa hospitali mara moja. Wazazi wakisikia kwamba hilo ndilo somo lenyewe, nadhani wengi watatia saini.

SWALI: Binti yangu wa miaka 11 amekataa kwenda ziara ya shule kwa sababu anaona ni dhuluma kumfungia mnyama ili atazamwe. Nimlazimishe?
*Mama, Nairobi*

JIBU: Usimlazimishe, dada, lakini mpe sababu ya kwenda. Mahali pa kutazamia wanyama hapafanani. Kituo cha wanyama yatima kilicho kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kilianzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya wanyama waliopoteza mama zao au waliojeruhiwa, na baadhi yao hawawezi tena kujitegemea porini. Kule Lang'ata, Kituo cha Twiga kilizaliwa kutokana na juhudi za Jock na Betty Leslie-Melville, walioanzisha mfuko wao mwaka 1979 ili kuwaokoa twiga wa Rothschild waliokuwa wakitoweka. Kimepokea wageni na wanafunzi tangu mwaka 1983, na baadhi ya twiga waliozaliwa huko wamepelekwa hifadhi kama za Ziwa Nakuru na Ruma. Pia zipo bustani ambazo hazina jibu jema kwa swali la mwanao, na hilo nalo ni somo.

Aende na daftari, na kwa kila mnyama amuulize mtunzaji maswali matatu: alifikaje hapa, ataondoka lini, na kama haondoki, kwa nini? Amtazame pia mnyama mwenyewe kwa robo saa. Mnyama anayezunguka njia ile ile mfululizo, akigeuka mahali pale pale kila mara, mara nyingi ni mnyama aliyekosa nafasi au shughuli, na mtoto wa miaka 11 anaweza kuichora njia hiyo kwa penseli na kuhesabu mizunguko. Akirudi, mwombe mwalimu wake ampe dakika chache asome aliyoyaandika darasani. Iwapo majibu ya watunzaji hayaridhishi, kamati ya wazazi iyapate maandishi hayo kabla ya kupanga ziara ya mwaka ujao.