Barua kwa mwanangu: lile jina la penseli

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma, na ile picha uliyoambatanisha nimeikuza hadi herufi zikavunjikavunjika. Unauliza mambo mawili. Kwanza, kwenye daftari la vizazi, mbele ya jina la babu yako, nafasi ya baba imepigwa mstari wa wino, lakini juu ya mstari huo pana jina kwa penseli, na jina hilo ndilo liko kwenye cheti chake cha ndoa: la fundi seremala aliyekuja kumwoa bibi yangu. Je, ndiye aliyemzaa babu, au ni yule mwenye nyumba ambamo bibi yangu alikuwa akifanya kazi, ambaye ukoo mzima unamnong'ona na hakuna anayemtaja? Pili, je, nitakubali kutoa mate ukayapime vinasaba?

Nianze na penseli, maana lile jina mimi nilikuwepo likiandikwa.

Wewe unadhani karani wa zamani alijiwekea kumbukumbu ya alichoambiwa na mama siku ya kuandikisha. Sivyo. Siku hiyo bibi alifika peke yake na mtoto mgongoni, na karani akapiga mstari. Penseli ilikuja baadaye sana, babu yako akiwa mtu mzima mwenye watoto, mimi nikiwa mmoja wao, nimemshika mkono kwenye foleni. Alihitaji nakala ya cheti chake. Karani akafungua daftari, akashusha kidole hadi kwenye mstari ule, akasema kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni: "Huyu hana baba."

Angeweza kusema jina halikuandikwa. Alisema hana baba. Nyuma yetu mtu akacheka, mama mmoja akasonya kumnyamazisha. Mkono wa baba ulilowa jasho ndani ya mkono wangu, ila sauti yake haikubadilika. Alilitaja jina la seremala, kisha akalitaja herufi moja moja. Karani akajibu kwamba wino hauguswi bila amri. Baba akalitaja tena, herufi moja moja. Mara ya tatu karani akachomoa penseli nyuma ya sikio, akaliandika dogo, jembamba, ili tu foleni isogee. Baba akamshukuru! Hilo la kumshukuru ndilo linalonichoma hadi leo kuliko lile neno lenyewe.

Kwa hiyo jina uliloliona si ushahidi wa mwaka ule aliozaliwa. Ni ushahidi wa babu yako mwenyewe, kwamba huyu ndiye aliyemtaka aandikwe. Nimekwambia tangu ukiwa mdogo, na nitarudia: karatasi inashuhudia aliyesema, haimshuhudii aliyezaa.

Wala mstari wa wino usiusome vibaya. Mstari hausemi kwamba mama hakumjua baba wa mtoto. Kule Uingereza, kuanzia 1875, jina la baba asiye mume wa mama halikuandikwa mpaka baba mwenyewe afike na kutia sahihi pamoja na mama. Mwanamke angeweza kumjua mtu huyo kwa jina, kwa nyumba na kwa sauti, na bado karani akaacha nafasi tupu. Ufaransa walikwenda mbali zaidi: sheria ya Napoleon ya 1804 ilikataza kumtafuta baba mahakamani, na katazo hilo lilidumu hadi 1912. Hebu fikiria ni wanaume wangapi waliofichwa na sheria yenyewe. Na kwa waliozaliwa ndani ya ndoa karatasi hukosea kwa upande mwingine, maana mume huandikwa bila kuulizwa. Wahenga walishasema kitanda hakizai haramu, na sheria ya Kirumi ilikuwa na kanuni ya namna hiyo hiyo, kwamba baba ni yule anayeonyeshwa na ndoa. Babu yako alizaliwa kabla ya ndoa, basi hata kinga hiyo hakuipata.

Ukitaka kuchimba kweli, acha kuhangaika na nafasi ya baba, angalia pembeni yake. Nani alisimama kama msimamizi siku ya ubatizo? Bibi alikuwa akilala wapi miezi tisa kabla? Kuna shauri la matunzo lililofunguliwa mahakamani? Kuna wosia wa mtu unaomwachia kitu mtoto asiyeelezwa uhusiano wake? Na lile jina la pili la babu, ambalo wewe umeshagundua linafanana na la mwenye nyumba, lina uzito wake. Akina mama wengi walioziba midomo waliliweka jina la baba mahali ambapo hakuna angewauliza. Lakini tena, watumishi waliwapa watoto majina ya waajiri wao kwa heshima tu, au kwa kutumaini hisani. Nikiliegemea jina hilo najiona nimepata jibu, nikiliacha naona halibebi kitu. Nimeligeuza hivyo miaka mingi.

Sasa hayo mate. Najua unanihitaji mimi, kwa sababu kromosomu Y, fungu la vinasaba walilo nalo wanaume, hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, na wewe binti yangu huna. Yangu nimeirithi kwa babu yako, naye kwa huyo unayemtafuta. Lakini yangu peke yake haisemi kitu mpaka ilinganishwe na ya mwingine. Unakumbuka habari ya Thomas Jefferson, rais wa Marekani, na Sally Hemings, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake? Madison, mtoto wa Sally, alisema wazi gazetini mwaka 1873 kwamba Jefferson ndiye baba yake, na kwa zaidi ya miaka mia watu wengi walikataa kumsikiliza. Mwaka 1998 walipima. Kwa kuwa Jefferson hakuacha uzao wa kiume unaotambulika, walichukua wazao wa baba yake mkubwa, wakalinganisha na mzao wa Eston, mdogo wake Madison. Zikalingana. Hata hivyo kipimo kilitaja ukoo wa Jefferson tu, hakikumtaja mtu, kwani wanaume wengine wa ukoo huo walibeba kromosomu hiyo hiyo. Kilichowashawishi wanahistoria wengi ni kipimo kikiwa pamoja na kumbukumbu za shamba: Jefferson alikuwepo nyumbani kila mimba ilipotungwa. Na ni maneno ya Madison, ambayo yangeaminiwa mapema kama angekuwa mtu wa rangi nyingine.

Kwetu wa kulinganisha naye yupo mmoja: baba yangu mdogo, babu yako mdogo, mtoto wa mwisho wa seremala na bibi, aliyezaliwa ndani ya ndoa. Kromosomu yake ikilingana na yangu, seremala, au mwanamume wa ukoo wake, ndiye. Isipolingana, bado hatutakuwa na jina la mwenye nyumba. Tutakuwa na mzee aliyeambiwa uzeeni kwamba kaka aliyemzika alikuwa kaka yake wa upande wa mama tu. Na watoto wake nao wanaweza kupimwa: binamu kamili wangu angechangia nami vinasaba kama asilimia 12.5, na wa nusu kama 6.25, ingawa hesabu hizo hupanda na kushuka.

Utasema baba, unakwepa. Unalotaka ni jina. Nina ninayemdhania, tena si dhana ya juzi, imetokana na mambo niliyoyasikia bibi akiyazungumza na shangazi wakidhani nimelala. Mkono unaniwasha kukuandikia. Kuna wakati naona ni haki yako, damu ni yako kama ilivyo yangu. Lakini nikikutajia leo, kila daftari utakalofungua utalisoma ukitafuta kunithibitisha mimi, na mimi nilikuwa mtoto chini ya shuka. Nami pia nitakuwa nimeongeza jina jingine la penseli. Karatasi inashuhudia aliyesema.

Kwenye mti wako andika yote mawili: mstari wa wino, na jina la seremala, na karibu yake eleza ni nani aliyeomba liandikwe na lini. Yeye ndiye aliyemlea babu yako, akamfundisha kupiga randa na kukagua mkao wa msumari kwa jicho moja. Lolote litakalotoka maabara, hilo usilifute.

Mate nitatoa, lakini baba mdogo aulizwe kwanza, na aulizwe na wewe, si kwa ujumbe wa simu. Mweleze yote mawili yanayoweza kutokea kabla hajajibu. Akikataa, tutaishia hapo mpaka yeye mwenyewe aseme vingine. Mwendee asubuhi, maana jioni husikia kwa shida na hukubali mambo ili mgeni aondoke.

Baba yako