Miguu inayolowa mchana kutwa

Pole sana dada yangu. Umesema unakaanga samaki pale ufukweni Bagamoyo, ndala zinalowa tangu asubuhi, na sasa katikati ya vidole panawasha na ngozi inachubuka nyeupe. Hiyo inafanana kabisa na fangasi, nao hustawi penye unyevu.

Ukirudi nyumbani, osha miguu kwa sabuni, kisha pitisha kitambaa kikavu katikati ya kila kidole, hasa kile kidogo cha mwisho ambacho wengi tunakisahau. Mafuta ya nazi ni ya kisiginoni, vidoleni usipake. Uwe na ndala jozi mbili, moja ukiivaa nyingine ianikwe juani. Dawa ya kupaka ya klotrimazoli ipo maduka ya dawa. Endelea nayo wiki 2 zaidi baada ya muwasho kuisha, maana ukiacha mapema unarudi.

Mama yako mwenye kisukari ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Asitembee pekupeku, hata uani. Kila jioni mmulike nyayo kwa tochi ya simu: anaweza kuchomwa na mwiba asisikie chochote. Ukiona kidonda, hata kidogo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.