Maswali ya Wasomaji: Duara la milimita 14

SWALI: Wataalamu, habari za kazi? Niko Chumbageni, Tanga, nafanya utafiti wa shahada ya uzamili. Nimepata pirazolini (kampaundi yenye pete ya atomi tano, mbili zikiwa naitrojeni) kwa kuchemsha kampaundi iitwayo chalkoni na haidrazini ndani ya ethanoli. Nikayeyusha miligramu 10 katika mililita 1 ya kiyeyushi cha DMSO, nikatia mikrolita 50 kwenye kishimo cha agari (jeli ya kuoteshea) iliyopakwa bakteria Staphylococcus aureus. Duara lisiloota kitu likatoka milimita 14. La DMSO peke yake 11. La kikaratasi cha antibiotiki siprofloksasini 26. Niandike kwamba inaua bakteria? Na saratani nipime vipi?

JIBU: Usiandike bado. Kiyeyushi peke yake kimekupa 11, basi pirazolini yako haina cha kujivunia hapo. Tena kishimo kilibeba mikrogramu 500, wakati kikaratasi cha kawaida cha siprofloksasini kina 5 tu. Kwa upande mwingine, pirazolini yenye pete mbili za benzini haipatani na maji, husambaa kwa shida kwenye agari, hivyo duara dogo laweza pia kuionea.

Tumia sahani ya visima 96 utafute kiasi kidogo kabisa kinachozuia bakteria kuota. Tengeneza akiba ya pirazolini ndani ya DMSO, miligramu 12.8 kwa mililita, chukua mikrolita 20, ongeza mikrolita 980 za supu ya kuoteshea bakteria ya Mueller-Hinton. Tia mikrolita 200 kwenye kisima cha kwanza na mikrolita 100 za supu tupu kwenye visima vinavyofuata, kisha hamisha mikrolita 100 kisima hadi kisima ukipunguza nusu kwa nusu, na 100 za mwisho uzimwage. Bakteria wa kiwango cha McFarland 0.5 (kipimo cha wingi wao kwa weupe wa maji) wapunguze mara 150, utie mikrolita 100 kila kisima. Kisima cha kwanza kitakuwa na mikrogramu 128 kwa mililita na DMSO asilimia 1. Weka pia kisima cha DMSO bila dawa, cha bakteria peke yao na cha supu tupu. Soma baada ya saa 16 hadi 20 kwenye nyuzi 35.

Supu ikipoteza uangavu kabla hata ya kuingia inkubeta, hiyo ni dawa iliyojitenga, si bakteria. Rangi ya rezazurini itakusaidia: ikibaki bluu bakteria wamezuiwa, ikiwa waridi wanaishi. Kusema "inaua" kunataka upandikize visima visivyoota kwenye agari mpya.

Joto na unyevu wa Tanga havisamehe. DMSO hunyonya maji hewani, basi funga chupa mara moja. Kwenye friji huganda, maana huyeyuka kwa nyuzi 18.5, iache iyeyuke yote, uitikise, ndipo upipeti. Na pirazolini isiyo na kundi la atomi lililoshikamana na naitrojeni yake huoksidishwa na hewa ikawa pirazoli. Rudia TLC (kipimo cha usafi kwa kutenganisha kampaundi kwenye bamba) siku ya kipimo, la sivyo utasifia kitu kingine. Ukichemsha kwa asidi asetiki badala ya ethanoli, pirazolini hupata kundi la asetili kwenye naitrojeni hiyo na hutulia zaidi.

Saratani ipime kwa MTT (rangi ambayo seli hai huibadili), DMSO isizidi asilimia 0.5, na seli za kawaida kama Vero (za figo ya tumbili) ziwe kando ya zile za saratani. IC50 (kiwango kinachopunguza uhai wa seli kwa nusu) ya Vero igawanye kwa ya saratani. Ikikaribia 1, una sumu tu. Weka visima vyenye dawa na MTT bila seli, kwa kuwa baadhi ya kampaundi huibadili MTT zenyewe na kukuonyesha uhai usiokuwepo.