Mwite mchokoaji pweza kabla hujaandika swali la utafiti

Wiki iliyopita sheria ndogo ya kijiji chetu ya kufunga mwamba wa pweza, yaani kusitisha uvuvi wa pweza hapo kwa miezi michache, imepitishwa. Nilipotangaza habari hiyo, mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniandikia: "Kaka, ulipitia mlango gani? Utafiti wangu umeishia kabatini." Namjibu hapa hadharani, kwa sababu sote tuliosomea uvuvi tunatamani kazi zetu zifike baharini.

Mimi ni wa pwani ya Kilwa, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye pweza wa mama. Chuoni, pendekezo langu la utafiti lilianza na maelezo ya wachokoaji, yaani wanawake wanaokwenda mwambani kumtoa pweza shimoni kwa kumchoma. Msimamizi akayakata kwa kalamu nyekundu, akasema hizo ni hadithi. Mpaka leo linaniuma, maana hadithi hizo zilikuwa na jambo ambalo fomu zetu hazikuwa nalo. Pweza wa mwambani hafuati Jumatatu na Ijumaa. Huchokolewa wakati wa bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yakatoka mbali na mwamba ukabaki wazi. Karani akija na mizani siku za maji mafu, maji yasipotoka mbali, ataandika sifuri, na ripoti itasema pweza wamekwisha. Basi tukapanga upimaji kwa tarehe za mwezi mwandamo, na wanawake wenyewe ndio wakashika mizani. Takwimu hizo hakuna ofisi iliyoweza kuzikataa.

Sheria nayo ina tatizo la namna hiyo. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Nia ni njema, lakini mchokoaji anachoma shimoni bila kumwona aliyemo. Akimtoa na kumkuta mdogo, keshaumia, kumrudisha hakusaidii. Bibi mmoja alituambia kikaoni, "Mkitaka akue, tusiende." Biolojia inamuunga mkono: pweza huyu huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, hukua upesi, na jike hutaga mara moja tu, akalinda mayai bila kula, kisha akafa. Mwamba ukipumzika miezi michache, uzito wa pweza huonekana umeongezeka. Wavezo, jamii ya wavuvi wa Andavadoaka, Madagascar, walianza kufunga mwaka 2004, na Kisiwa Panza kule Pemba wamefanya hivyo pia.

Rasimu ya kwanza iliyotoka juu ilitaka ufungwe mwamba wa karibu, kwa kuwa ni rahisi kuulinda. Wanawake wakakataa katakata. Wao huenda kwa miguu. Wenye ngalawa wangeendelea kuvua mbali huku wao wakikaa bila kitoweo. Tukahamishia kizuizi mwamba wa nje, na BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za pwani, ikapanga zamu za doria. Bila wao tungepata sheria ambayo ingevunjwa bamvu la kwanza.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na wao. Usiwaite siku ya kuwasilisha matokeo, wakala wali na kusaini posho. Waite swali lingali halijaandikwa. Na mkishakubaliana, andika kwa lugha ambayo ofisa uvuvi wa wilaya anaweza kuiweka kwenye sheria: mwamba upi, kuanzia bamvu lipi hadi lipi, nani analinda, faini ni kiasi gani. Kurasa mbili zinatosha. Mkutano mkuu wa kijiji uzipitishe kwanza, muhtasari wake uambatanishe, ndipo upande gari kwenda wilayani.