Maswali ya Wasomaji: Kofia ya Pamba Iliyolegea

SWALI: Nilinunua kofia ya pamba ya bei nafuu sokoni Kibuye. Nimeifua mara mbili tu na ukingo tayari unaniangukia machoni. Isitoshe, inanipwaya, na upepo wa ziwa ukivuma sina budi kuishika. Naweza kuitengeneza bila cherehani? (Msomaji, Nyalenda, Kisumu)

JIBU: Naam. Kwanza hakikisha ni pamba kweli. Chomoa uzi kwenye ncha ya kitambaa ndani ya mshono, si uzi wa kushonea, maana huo mara nyingi ni polista hata kofia ikiwa ya pamba. Uwashe: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, polista huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Wanga tutakaotumia kukaza ukingo haushiki vizuri kwenye polista.

Kisha loweka kofia kwenye maji moto kwa nusu saa, peke yake, kwa sababu huenda ikachuja rangi. Kama bado itanywea, inywee sasa, kabla hujapima.

Pima kichwa juu kidogo ya masikio, kupitia katikati ya paji, halafu upime kofia kwa ndani. Kila milimita 1 ya unene unaoongeza, kuzunguka kofia nzima, nyuma ya utepe wa jasho (ule ulioshonwa ndani, unaogusa paji) hupunguza mzunguko kwa milimita 6 hivi. Tuseme kofia ina sentimita 59 na kichwa 57: vipande vya blanketi kuukuu vyenye unene wa milimita 3 vinatosha. Vishikize kwa mkono chini ya utepe. Tofauti ikizidi sentimita 3, usijaze, utatokwa jasho bure. Bana mshono wa nyuma.

Sasa ukingo. Koroga vijiko 2 vya mezani vya unga laini wa muhogo kwenye maji baridi kidogo (ukiutia moja kwa moja kwenye maji moto utafanya madonge), mimina ndani ya nusu lita ya maji yanayochemka, koroga mpaka uwe kama ute, chuja. Ukipoa, paka ukingo peke yake. Wanga kwenye sehemu ya kichwa hugeuka gundi ukitoka jasho.

Ingiza mpira wa miguu uliopunguzwa upepo ndani ya kofia, kisha uujaze mpaka kitambaa kinyooke bila kuvutika. Mpira nambari 5 ukijaa una sentimita 68 hadi 70, kwa hiyo usiujaze wote. Anika kivulini. Ukingo ukiwa bado na unyevu, toa mpira, weka kitambaa juu na upige pasi ukibonyeza na kuinua. Usiivute pasi kandokando: ukingo umekatwa duara, sehemu zake nyingine ziko mshazari wa nyuzi za kitambaa, na hizo hutanuka zikaacha mawimbi yasiyorudi.

Wanga hutoka ukifua, na mende huupenda. Tunaloshauri hasa ni uzi. Shona mistari ya duara, milimita 6 kati ya mmoja na mwingine, ukianzia karibu na kichwa kwenda nje, sindano ipenye tabaka zote mbili. Usikaze uzi, ukingo utajikunja kama samosa. Ni kazi ya jioni kadhaa, lakini mistari hiyo haitoki kwa kufua.

SWALI: Nikitia waya kwenye ukingo je? (Msomaji, Kakamega)

JIBU: Waya wa kawaida utapata kutu na kuacha madoa. Tumia ule utepe wa plastiki unaofungia maboksi, uukate upana wa milimita 5. Ncha zipishane sentimita 3, uziviringe kwa mkasi na kuzifunga kwa selotepu zisitoboe kitambaa. Baada ya hapo usipitishe pasi ya moto hapo.

SWALI: Kofia yangu nyeusi imepauka. Nitie rangi kabla au baada ya wanga? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Kabla. Wanga huzuia rangi kuingia sawasawa, na utapata mabaka. Kama imeshatiwa wanga, ifue kwa maji moto mpaka isiteleze tena. Mishono ya polista haitashika rangi ya pamba. Ipitie kwa kalamu nyeusi ya kitambaa.