Maswali ya Wasomaji: Anaongea na nani usiku?

SWALI: Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Tangu wafunge shule anakesha na simu. Nikimuuliza, anasema anasoma na akili mnemba (AI). Baba yake anaamini anaandikiwa kazi za likizo, anataka kumnyang'anya. Tufanyeje?
Mama, Majengo, Moshi

JIBU: Mama, msimnyang'anye kwanza. Kunakili kupo, ila wazazi wengi huishia hapo na kukosa jambo kubwa zaidi: vijana wanapiga nayo soga. Huko Marekani, uchunguzi wa 2025 wa shirika la Common Sense Media ulikuta asilimia 72 ya vijana wa miaka 13 hadi 17 wamewahi kutumia akili mnemba kama mwenza wa mazungumzo. Hizo si takwimu za Moshi, lakini hofu ya mtihani, mapenzi na marafiki waliosusiana viko hata Majengo.

Kukagua programu zilizopo kwenye simu hakutoshi. Meta AI imo ndani ya WhatsApp, ni lile duara la rangi, na ChatGPT hufunguka kwenye kivinjari hata bila akaunti. Keti naye mchana, simu ikiwa mkononi mwake, umwombe akuoneshe anavyoitumia. Kisha muulize: ni kitu gani unakiuliza huko ambacho hapa nyumbani unaona haya kukiuliza? Akijibu, usigombe. Ukigomba, hutaambiwa tena.

ChatGPT hairuhusu walio chini ya miaka 13, na chini ya 18 inataka ridhaa ya mzazi. Tangu Septemba 2025 mnaweza kuunganisha akaunti zenu: fungua yako, ingia kwenye mipangilio, tafuta udhibiti wa wazazi, mtumie mwaliko, naye aukubali. Hapo utapanga saa za kuifunga na kuzima kumbukumbu, sauti au utengenezaji wa picha. Mazungumzo yake hutayasoma, lakini akijitoa kwenye muunganisho huo, utaarifiwa. Ila akiingia bila akaunti, au kwa simu ya rafiki, udhibiti wote haufanyi kazi. Ndiyo maana tunasisitiza simu zote zilale sebuleni kuanzia saa tatu usiku, na zenu wazazi zikiwemo.

Kinachotutia wasiwasi ni kwamba mashine hizi hupenda kumkubalia anayeongea nazo. Binti akiandika "wote wananichukia", anaweza kubembelezwa hadi alfajiri bila mtu yeyote kujua. Akigusia kujiumiza, kaa naye, usimwache peke yake, na piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Kuhusu masomo: ajaribu swali kwa kalamu dakika 20, ndipo aiombe imwoneshe alipokosea, si jibu. Na aizoee kuihakiki. Aiulize Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, alinyongwa lini, kisha alinganishe na kitabu: 2 Machi 1900. Mashine hupanga maneno yanayoelekea kufuatana, hivyo tarehe ya uongo huitaja kwa uhakika uleule.

SWALI: Kuna programu ya kutambua insha iliyoandikwa na akili mnemba?
Baba, Njiro, Arusha

JIBU: Zipo, lakini usimwadhibu mtoto kwa ushahidi wa programu hizo. OpenAI wenyewe, watengenezaji wa ChatGPT, waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Mwombe akueleze aya ya pili kwa mdomo, daftari likiwa limefungwa.