Runinga imefika na ufa: usianze na bodaboda

Pole sana, dada yangu. Umeagiza runinga Kariakoo, imekuja Mbeya kwa basi, umefungua boksi ukakuta kioo kina ufa, na wakala wa basi anakwambia bodaboda ndiye aliyeivunja. Unauliza kama umnyime kijana hela yake.

Mlipe kwanza. Halafu kaa na boksi ulikague. Kona ikiwa imebonyea na ufa unaanzia kona ileile, liliangushwa au kugongwa. Boksi likiwa limebonyea katikati, lililazwa na kupandiwa mizigo. Runinga husafiri ikiwa imesimama wima. Mimi niliwahi kumfokea bodaboda mbele ya majirani, kumbe upande wa chini wa boksi ulikuwa na vumbi la unga na alama ya kamba ya gunia, yaani lililazwa na magunia kwenye basi. Yeye alikuwa amelibeba dakika kumi tu. Nilimtafuta kesho yake nikamwomba radhi, na mpaka leo inaniuma.

Piga picha boksi pande zote, usilitupe, wala lile povu la ndani. Nenda na risiti ofisi ya basi leo leo, andika malalamiko, baki na nakala yenye muhuri. Wakikuzungusha, peleka LATRA, ndio wanaosimamia mabasi. Angalia pia kama thamani ya mzigo iliandikwa kwenye risiti. Isipoandikwa, watajaribu kukupa kifuta jasho tu.

Na mzigo ujao, ufungue palepale kaunta kabla hujasaini.